Niliandika Kwamba Watafungwa

"Dada, jana ulitaka tushinde, au ulitaka uwe umesema kweli?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo tukiwa juu ya lori, tunarudi Mbinga kutoka Songea, matope yamemfika magotini kwa kulisukuma. Mimi niliyekuwa na jibu kwa kila mtu niligeuza uso nikatazama migomba.

Nimekosa. Naanza na neno hilo nisije nikalizunguka, maana kuzunguka maneno ndiko nilikosomea. Jina langu msilitafute. Mdogo wangu nitamwita Osmundi, ingawa si jina lake.

Sisi ni watoto wa mkulima wa kahawa, upande wa Mpepai. Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari, nikapanda hadi Chuo Kikuu. Osmundi hakuchaguliwa. Alibaki na jembe na mguu wake wa kushoto. Lakini mguu gani ule! Akiupiga mpira kutoka pembeni, ulikuwa unakwenda kama umeambiwa mahali pa kufika.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtumishi wa elimu ya watu wazima. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wazee wanasoma jioni wakitoka shamba. Baba naye alisoma. Alishika kalamu ya risasi kama anavyoshika mpini wa shoka, na alipoweza kuandika jina lake aliliandika kwa mkaa kwenye mlango wa ghala la nyumbani, akatuita wote tuje tulione.

Mimi nilikuwa nahoji kila kitu. Nilimhoji padri, nilimhoji katibu kata, nilimhoji bwana shamba mbele ya wakulima wake. Mjini Mbinga wakanipa jina: Bibi Kwa Nini. Nililipenda, mpumbavu mimi!

Na mpira niliupenda. Tangu utotoni baba alikuwa ananibeba mabegani baada ya misa, tunakwenda uwanja wa misheni. Nilijua kuotea ni nini kabla sijajua katekisimu yote.

Sasa sikilizeni. Timu yetu ya wilaya ilikuwa haijawahi kuvuka mchezo wa kwanza wa kombe la mkoa. Mwaka ule watu waliamini itavuka. Tulikuwa na golikipa kutoka Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mvuvi mwenye mikono mirefu, na tulikuwa na Osmundi winga wa kushoto. Tena habari zilikuja kwamba Songea watakuwapo wachaguzi wa timu ya mkoa, ile inayokwenda kucheza Dar es Salaam. Osmundi hakuzungumza habari nyingine. Mimi nilikuwa nimeiona Dar es Salaam miaka mitatu. Yeye alikuwa hajavuka Songea. Huo ulikuwa mtihani wake, na alijua hautakuwapo mwingine.

Timu ilifundishwa na Bwana Afya, mtu wa Tanga, mpole, ambaye asubuhi alikagua vyoo na jioni alikagua mabeki. Aliweka kambi ya wiki tatu Mbinga mjini. Watu wa ziwani wakaleta usipa, dagaa wa kwao, sisi wa milimani tukaleta maharage, na Bwana Afya akasema timu hii hata ikifungwa itakuwa imekula vizuri.

Tatizo, kambi iliangukia mwezi wa tatu. Kwetu mwezi wa tatu ni wa ngoro. Kwa asiyejua: wanaume wanakata majani kwenye mteremko, wanayalaza kwa miraba. Wanawake wanakuja nyuma, wanachimba katikati ya kila mraba, wanafunika majani kwa udongo, wanapanda maharage. Yanabaki mashimo mlima mzima, mvua inatulia humo badala ya kuondoka na shamba. Majani yasipolazwa kwa wakati, mwanamke hana pa kuchimba, na nyumba hiyo itakuwa na njaa.

Kijijini kwetu majirani walipatana wenyewe. Aliye kambini, majani yake tutamkatia sisi. Hakuna aliyewalazimisha. Asubuhi walianza na mashamba ya wachezaji, kisha wakaenda kwao.

Nilikuwa na gazeti la ukutani, karatasi kubwa niliyobandika kila wiki kwenye ukuta wa ghala la kahawa pale Mbinga mjini, kila mtu anapita hapo. Mashabiki wakaniomba niandike matarajio ya timu. Niliandika jioni moja, sikufuta hata neno.

Niliandika kwamba viungo wetu wanakimbia kama wamebeba ndoo ya maji kichwani. Kwamba golikipa ni hodari ila mabeki hawamsikii. Kwamba tutafungwa Songea kama miaka yote, na tumaini si mbinu ya mpira. Ningeishia hapo ningekuwa shabiki mwenye mdomo tu.

Sikuishia hapo. Niliuliza kwa nini wazee wainame mlimani ili vijana wakacheze. Nikaandika: "Huu si unyonyaji uliorudi umevaa kaptula?" Sentensi ile niliisoma mara tatu, nikajipenda.

Watu walicheka sana pale ukutani. Bwana Afya hakucheka. Alisoma yote, mikono nyuma, kama anasoma tangazo la kipindupindu.

"Haya ya viungo ni kweli, Bibi Kwa Nini, hata mimi nalia nayo," alisema. "Haya ya majani yatoe."

"Nionyeshe nilipokosea, nitayatoa."

"Sijasema umekosea. Nasema subiri kwanza tucheze."

Nikamwambia ukweli hausubiri ratiba ya mpira. Akasema kwao Tanga angenijibu, ila hapa yuko kazini.

Siku chache baadaye habari zikafika kutoka kijijini. Kuna mtu alipeleka maneno yangu kule. Kikao kimekaa, msaada umekoma, kila nyumba ikate majani yake. Mnajua nilijisikiaje? Nilifurahi! Nilijiona nimesema neno na mlima umesogea. Ni nani aliyelipeleka, sikujua. Nilimdhania jirani mmoja tuliyegombania naye mpaka wa shamba la kahawa, nikaona hata adui ananisoma.

Osmundi akaondoka kambini. Baba asingeweza mteremko ule peke yake, na mama asingeweza kuchimba kabla majani hayajalazwa. Kabla ya kuondoka alipita ofisini kwangu, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta barua ya mwingine.

"Dada, andika kidogo tu. Waseme umeruhusu. Wakitukatia wiki mbili hizi, baadaye nitakata ya kijiji kizima."

Nilimkalisha nikamfafanulia siasa. Mdogo wangu, wa tumbo moja, nilimfafanulia siasa! Nilisema kila mtu ale jasho lake, na kwamba mimi siwezi kuandika jambo wiki hii na kulifuta wiki ijayo. Hakubisha. Aliniambia, "Haya, Dada," akachukua kofia yake.

Siku kumi alikata majani kwenye mvua, yeye na baba. Mama alinisimulia kwamba baba aliteleza na mzigo wa majani mgongoni, akakaa kitako kwa muda, kisha akamwambia Osmundi asimtazame, aendelee kukata. Walipomaliza, Osmundi alirudi kambini kwa miguu. Ilibaki siku moja kabla ya safari. Viganja vyake vilikuwa vimechanika, na amekonda usoni.

Songea tulikwenda na lori, wachezaji na mashabiki pamoja. Wenyeji walitungoja uwanjani na maneno yao. "Wachimba mashimo! Leo mmechimba lenu!" Golikipa wetu akawaambia wasogee karibu wachague la kwao. Tulicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa naipenda timu ile, naomba mniamini.

Dakika chache tu Osmundi akawatoka wawili pembeni na kupiga ule mguu. Goli! Nilipiga kelele mpaka kanga ikanidondoka. Nilimwona mtu mmoja wa meza ya wachaguzi anamuuliza mwenzake jambo, anaelekeza kidole kwa ndugu yangu.

Kipindi cha pili miguu yake ikafa. Ilionekana wazi. Mpira ulipita mbele yake naye akautazama kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Beki wao akapanda upande wake bila kuzuiwa, akatia krosi, wenzake wakafunga, tukawa sare.

Hapa ndipo penye ungamo langu. Mengine yote ningeweza kuyatetea.

Mpira ulipotikisa wavu wetu, kitu ndani yangu kilitulia. Kilikaa sawa, kama hesabu iliyotoka. Nilisema moyoni: si niliwaambia? Na uso wangu ukatabasamu. Haikuwa dakika, ilikuwa pumzi moja. Lakini katika pumzi hiyo Osmundi alikuwa amegeuka kunitafuta kwenye umati, kama alivyozoea tangu mtoto akikosea, na aliniona.

Dakika za mwisho alipata mpira peke yake na golikipa wao. Mguu wa kushoto ukakaza msuli, akaanguka bila kuguswa. Wenyeji wakasema mchimba mashimo kaingia lake. Wao wakaja wakafunga la pili. Wachaguzi wakakunja karatasi zao.

Kesho yake, juu ya lori, ndipo aliponiuliza lile swali. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningemjibu, mabishano nayaweza. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua.

Hakucheza tena. Bwana Afya alimfuata nyumbani mara mbili, mara ya pili akiwa amekwisha pata uhamisho, anaaga. Osmundi alimpa maharage, akamsindikiza hadi barabarani. Baada ya mavuno aliteremka ziwani, kwa yule golikipa wa Liuli, akajifunza kuvua. Mtoto wa milimani asiyejua hata kuogelea. Alioa huko. Barua zangu zilijibiwa na mkewe, salamu nyingi, habari hakuna.

Na mimi? Nilijitetea kwa miaka. Nilisema sikumkataza mtu kusaidia, niliuliza tu. Nilisema walioamua ni wanakijiji, na waliamua kwa wivu, kwa sababu nyumba moja imepata msomi na inataka kupata na mchezaji. Niliwachukia kimyakimya. Nilikuwa nikienda nyumbani nawasalimia kwa adabu zote, shikamoo mama, shikamoo baba, na moyoni nawaambia: nyinyi ndio mliommaliza.

Mgongo wa baba haukunyooka tangu mwezi ule wa tatu. Kila nilipokwenda aliniuliza gazeti la ukutani limeandika nini wiki hii.

Mwaka wa nane tangu mchezo ule baba akafariki. Osmundi alikuja. Tulishika jeneza moja, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nilitaka kumwambia jibu, maana nilikuwa nimelipata zamani: nilitaka vyote viwili, na nilipolazimika kuchagua, nilijichagua mimi. Sikusema. Watu walikuwa wengi, na mimi ni mwoga nisipokuwa na ukuta wa kubandika.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mliosoma, na nyinyi mnaosoma sasa. Kuhoji si dhambi, mimi bado nahoji. Lakini ukiona umelisema jambo kwa uzuri, kabla hujalibandika jiulize ni nani atakayelibeba mgongoni. Na ukimwona ndugu yako anaanguka pale pale uliposema ataanguka, mwogope sana yule anayetabasamu ndani yako. Huyo si akili.

Nilidhani ungamo langu linaishia hapo. Bado neno moja.

Siku ya tatu ya matanga nilikaa na mama mmoja jirani, mke wa yule tuliyegombania naye mpaka wa shamba la kahawa. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini mwaka ule walimwacha Osmundi. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mwanangu, kwani baba yako hakukwambia? Sisi tulikataa. Tulikicheka kile kikaratasi chako. Mume wangu alisema mtoto wa shule aandike, sisi tukate majani."

Akanieleza. Aliyepeleka maneno yangu kijijini alikuwa baba. Alitembea hadi Mbinga peke yake, akasimama mbele ya ukuta wa ghala, akayanakili yote kwenye daftari lake la kisomo, kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa kubwa. Yalimchukua tangu asubuhi hadi saa tisa. Kwenye kikao akayasoma kwa sauti, akifuata kwa kidole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia neno. Wenzake walipokataa, akawaambia, "Nilimsomesha ili atuambie. Mkiendelea kunikatia majani, mtakuwa mmesema nimesomesha bure."

Kisha wakapiga kura ya kukomesha msaada, na mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wake.