Kazi Yangu ya Kumshukuru Mdau

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumamosi, na nilifika nimevaa suruali ya shule kwa sababu ndiyo pekee isiyo na kiraka. Wadogo zangu wa Kidato cha Pili, ninyi hamkuijua siasa ya enzi zetu, yaani ya uchaguzi uliopita. Kaeni chini mfundishwe.

Cheo changu kilikuwa Mshereheshaji wa Kampeni, ngazi ya kata, huku kwetu juu kwenye tangawizi. Nilichaguliwa kwa sababu mimi ndiye mnadi wa kanisani. Baada ya ibada, mnadi hunyanyua kitu na kumtaja aliyekitoa: yai la Mama Eliya, ndizi za Mzee Kiondo. Hata yai lina mwenyewe.

Bosi wangu alikuwa Mratibu wa Hamasa, bwana wa Same mjini aliyevaa miwani ya jua hata kwenye ukungu. Hamasa ni ufundi wa kuwafanya watu washangilie kabla hawajajua wanashangilia nini. Nilipomuuliza gari la matangazo, turubai na mafuta ya bodaboda vimetoka wapi, alinijibu kwa neno moja: mdau.

“Mdau ni mtu anayetoa na hataki kutajwa,” alinifundisha. “Wewe shukuru tu, kijana. Usichimbe.”

Nikashukuru. Tena kwa moyo, maana mgombea wetu wa udiwani alikuwa ameahidi kukomesha lumbesa. Lumbesa ni gunia linalojazwa mpaka linaota nundu, halafu mnunuzi analipa kama gunia la kawaida. Mama yangu analima tangawizi, na kwenye hiyo nundu ndiko ada yangu inakopotelea. Kwa hiyo ahadi ile nilikuwa naipigia kelele mpaka mbuzi wanakimbia.

Mambo yaliharibika siku ya kugawa kanga. Nilinyanyua moja juu, ulimi ukateleza kwa mazoea ya mnadani: “Kanga hizi zimetolewa naaa…”

Umati, ambao nusu yake ni kanisa lilelile, ukaitikia: “Na nani?”

Mratibu alianza kunikata shingo kwa kidole, kwa mbali. Bibi Naelijwa, mama mzee wa kwaya, alikuwa ameshasimama. Nikampa shikamoo, na yeye akachukua kipaza sauti.

“Marahaba, mjukuu wangu. Yai tunalitaja, kanga zote hizi hazina mwenyewe? Basi yangu nainadi hapahapa. Bei yake ni jina la aliyetoa.”

Dereva wa gari la matangazo, mtu wa Hedaru ambaye mkewe hakupata kanga, alitoa kichwa dirishani. “Nipe mimi, bibi. Katoa mnunuzi wenu wa tangawizi. Hata hili gari ni lake.” Akapokea kanga yake, akapandisha kioo.

Mama alikuwa mstari wa pili. Hakunitazama mimi, alimtazama mgombea.

“Mheshimiwa,” akasema, “hiyo lumbesa sasa utamkomesha nani?”

Mgombea alijifuta jasho kwa fulana yenye picha yake mwenyewe. Akakiri kwamba alijua. Alidhani akishaingia madarakani atampiga chenga.

“Basi Jumatano njoo gulioni,” mama akasema. “Chenga ianzie kwenye gunia langu.”

Sikutegemea kumwona, lakini alikuja. Mnunuzi alikuwa ameegemea mizani yake, anatafuna kijiti. Mgombea akapokea sindano ya magunia, akashona gunia la mama mdomo ukiwa sawa kama meza, bila nundu. Mnunuzi akatoa simu mfukoni. Kufika mchana gari, turubai na spika vilikuwa vimeshateremka mlimani. Mratibu alinipigia simu kunijulisha kwamba nimestaafishwa.

Kustaafu una miaka kumi na saba kuna raha yake: unaamka umechoka na una cha kusimulia. Mgombea alimalizia kampeni kwa miguu, sauti imekauka, na akashinda. Wapo wanaosema walivionea huruma viatu vyake. Ninyi mtakaorithi kipaza sauti, kabla hamjamshukuru mtu ulizeni anaitwa nani, na mwulizeni mkiwa hewani.

Mama bado hajamwamini mshindi wetu. Kila gulio anamwita diwani aje ashone gunia la kwanza mbele ya mnunuzi. Vidole vya diwani vimejaa matobo, lakini anashona.