Dokezo Lililofika kwa Mkuu kwa Makosa

Siku ya kwanza kuripoti kazini Kibondo, nikitokea kwetu Korogwe na sanduku lililojaa vumbi jekundu hadi kwenye kufuli, nilipangiwa masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya ofisi. Msimamizi wa masijala, Mzee Bihemo, alinipokea kwa kupiga makofi taratibu, kama Waha wasalimiavyo.

"Mwakeye, binti," akasema.

Sikujua kuitikia. Nikasema, "Asante." Alicheka mpaka akavua miwani.

Alinifundisha kazi kwa uvumilivu. Kila barua inayoingia kwenye jalada hupewa namba, ndiyo folio. Ofisa akitaka jambo liamuliwe, huandika dokezo, maelezo mafupi ya ndani yenye aya za namba, kisha jalada zima hupelekwa kwa bosi.

Bosi wetu, Mkuu wa Ofisi, alikuwa na sauti. Siku moja jalada lilipotea, akanifokea mbele ya wageni kutoka Kumsenga: "Mzembe wewe! Nani alikuajiri?" Jioni jalada likaonekana chini ya kiti cha gari lake. Hakuomba radhi. Nikajifungia stoo, nikalia juu ya katoni za karatasi.

"Binti, unalowesha mali ya serikali," Mzee Bihemo akasema mlangoni. Akanipa daftari. "Andika yote ambayo ungemwambia. Ukimaliza, litie kwenye mkoba wako."

Tatizo ni kwamba nilijua kuandika kiofisi tu. "Yah: Kuitwa mzembe mbele ya watu. 1. Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. 2. Nimeumia sana. 3. Jalada lilikuwa kwenye gari lako. 4. Nawasilisha." Nilipoweka nukta, nilitia daftari kwenye mkoba, nikaenda nyumbani. Mchana uliofuata nilimaliza ugali wangu na nusu ya ule wa Mzee Bihemo.

Ikawa mazoea. Mchumba alipoacha kupokea simu, niliandika "Yah: Ukimya usioelezeka." Mama alipofariki, dokezo lilifika aya ya kumi na tisa, na ndipo nilipoweza kulala.

Nilihamishiwa Kasulu, nikamshukuru Mungu. Miezi sita baadaye Mkuu yule yule akahamishiwa Kasulu.

Kufikia hapo daftari lilikuwa limechakaa na kurasa zilichomoka. Asubuhi moja ukurasa ulinasa ndani ya jalada la mizinga ya nyuki ya Kitanga, na jalada likapelekwa kwa Mkuu. Nilipogundua, nilikuwa tayari nimeitwa. Njiani nilikuwa nikiwaza nauli ya kurudi Korogwe.

"Aya ya tatu," Mkuu akasema, karatasi mkononi. "Umeandika kwamba nanguruma kama mashine ya kusaga ya Makere."

"Ni rasimu, Mheshimiwa."

"Aya ya nne: 'Huenda ana jambo linalomsumbua, lakini sisi si dawa yake.'"

Akashusha sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Mke wangu amelazwa Dar, mwezi wa nne sasa," akasema. "Sijamwambia mtu hapa." Akakunja ile karatasi vizuri. "Ukishaandika hivi, unajisikiaje?"

"Nakula, Mheshimiwa."

Akacheka, kisha akafuta macho kwa tai. Akanirudishia karatasi yangu na kuomba daftari kutoka stoo. Msifikiri aligeuka malaika. Aliendelea kufoka, hasa siku za vikao. Ila siku nyingine mlango wake ulifungwa nusu saa, akatoka na wino vidoleni, akatuamkia. Mke wake alipopona, alimleta masijala tumwone. Ni mama mpole, naye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile mashine ya kusaga ni ya wapi hasa?"

Sasa nimestaafu, nimejenga hapa hapa Kasulu. Ninyi vijana mkikasirika huandika kwenye simu, mtaa mzima ukasoma kabla hasira haijapoa. Siwalaumu, ila karatasi haina wa kukujibu, na hiyo ndiyo raha yake.

Juzi jirani yangu Mama Speransia, muuza maharage ambaye wazazi wake walikuja wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, aliniletea daftari jipya. Alikuwa amemzika kaka yake.

"Dada, niandikie dokezo kama yale yako; mimi Kiswahili cha kuandika kinanishinda," akasema.

"Andika kwa lugha unayolia nayo."

Akaketi barazani, akaandika Kirundi ukurasa mzima na nusu bila kuinua kichwa. Kisha akajipangusa uso kwa kitenge, akauliza kama chai ipo.