Leso ya Philister na Sauti ya Bafuni

Kazi ya Philister Awuor kanisani ilikuwa leso. Mchungaji Isaiah akikemea pepo na mwanamke akaanguka, Philister alikuwa ameshafika na kumfunika mapaja kabla watu hawajakodoa macho. Kanisa lao ni la mabati, kule Uthiru, na hakuna aliyempita kwa kunusa pepo. Ukipiga miayo wakati wa mahubiri, anakunjua leso taratibu na kukusogelea. Watu walijifunza kumeza miayo yao.

Siku za juma aliwapikia vibarua wa mjengo chakula cha mchana kibandani, pale Dagoretti Corner. Jioni alirudi Woodley, kwenye chumba na sebule nyuma ya nyumba ya watu, alikoishi na Stacy, bintiye wa pekee, aliyekuwa amemaliza shule akisubiri kuitwa chuoni.

Kilichomchoma Philister roho ni filamu za mapepo, zile ambazo padri anashika msalaba na msichana anazungusha shingo kama bundi. Stacy alizipenda kupindukia. Kwa mama yake, huko kulikuwa ni kumfungulia shetani mlango na kumwekea kiti. Aliwahi kuipaka televisheni mafuta ya upako, na kwa kuwa yeye hafanyi jambo nusunusu, aliyamimina hadi yakaingia ndani. Fundi alipoifungua aliuliza kama walikuwa wakikaangia chipsi humo. Stacy akahamia kwenye simu.

Jumamosi moja alasiri Philister alirudi mapema. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa, na ndani kulikuwa na sauti. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na maneno yake hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kijaluo wala ya lugha ya mtu yeyote. Tena kulikuwa na jambo baya zaidi: sauti ile aliwahi kuisikia mahali, ila hakukumbuka wapi.

Stacy alitoka akijifuta jasho.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Simu, mum."

Simu ilikuwa sebuleni, kwenye chaja. Philister aliitazama simu, akamtazama mtoto.

Tangu hapo akawa askari ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliona magoti ya Stacy yamechubuka. Chini ya kitanda alipata gauni jeupe lenye madoa mekundu. Akalinusa, likanukia sharubati, na hilo likamtia wasiwasi zaidi, kwa maana nani anamwaga sharubati kifuani halafu anaficha nguo? Aliona pia kwamba Stacy siku hizi huenda mjini na hasemi anakokwenda. Angekuwa mtoto wa jirani, Philister angecheka na kusema amepata mpenzi. Lakini huyu alikuwa wake, na hofu ilimshika.

Akamnong'onezea Ndanu, mwenzake wa leso. Ndanu naye hana kifua cha kuweka siri. Kufika jioni Mchungaji Isaiah alikuwa na habari zote. Akapiga simu kuagiza kwamba Jumapili ijayo binti aletwe mbele, aombewe pepo litoke.

"Mbele ya watu wote?" Stacy aliuliza. "Mum, ukinipeleka pale, sirudi kwa hii nyumba."

"Anayeongea hapo si wewe."

"Ni mimi! Sikiza. Jumamosi kuja town na mimi, uone nilikuwa naongea na nani kwa bafu. Ukitoka huko na bado uone niko na pepo, Sunday nitaenda mbele mwenyewe. Hata hutanivuta."

Philister alikubali, ila alihisi mtego. Siku ilipofika alitia leso na chupa ya mafuta mkobani, endapo mambo yangegeuka.

Stacy alimpandisha ngazi za jengo kuukuu karibu na Moi Avenue, hadi ukumbi mdogo juu ya maduka ya nywele bandia. Vijana walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Mmoja mwenye rasta alikuja mbio. "Karibu mum! Si wewe ndio mzazi wa star wetu?" Philister alimpa ncha za vidole tu, akakaa karibu na mlango.

Taa zikazimwa. Ukutani akatokea Stacy, ndani ya lile gauni, na mchungaji wa kuigiza akimkemea. Stacy akaanguka kwa magoti, puu! Kabla hajawaza, Philister alikuwa ameshakunjua leso. Kisha akaelewa. Magoti, madoa, safari za mjini, vyote vilikuwa hii filamu. Akashusha pumzi, akafurahi, na papo hapo akakasirika kwa kuhangaishwa bure.

"Sema!" mchungaji wa filamu alinguruma. "Wewe pepo ni nani?"

Stacy akafungua kinywa, na sauti ya bafuni ikajaa ukumbini. Msichana mmoja alipiga kelele na kumkumbatia mwenzake. Philister hakupiga kelele. Maneno matatu yalirudiwa mbiombio, kikakatiza kikohozi kidogo, kofi likagonga sakafu, kisha yakaanza upya. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe anavyonena kwa lugha kila alfajiri, akiwa amepiga magoti kando ya pazia linalotenga kitanda cha Stacy. Alianza mtoto akiwa bado ananyonya. Hata kikohozi kilikuwa chake.

Kwenye ngazi alimshika binti yake mkono. "Umeamua kunifanyia mzaha?"

"Hapana, mum. Walisema pepo lazima iongee lugha yake. Nilijaribu zile za filamu, zote zilikuwa feki. Nikatumia ile ilikuwa inaniogopesha kweli."

"Mimi nilikuwa nakuombea, nyathina, mwanangu."

"Najua."

"Uliogopa mpaka lini?"

Stacy aliangalia chini, kwenye maduka ya nywele. "Mimi huamka kabla uanze. Hata siku hizi."

Walirudi nyumbani kwa matatu. Iliuma, na Philister hakujua amlaumu nani.

Jumapili alfajiri alipiga magoti mahali pake. Neno la kwanza lilipomtoka, alilisikia kama lilivyotoka ukutani kule mjini. Akanyamaza. Aliyekuwa akishuku kila mdomo wa Uthiru sasa aliushuku wake. Nyuma ya pazia hakusikia hata pumzi. Mtoto alikuwa macho, akingoja.

Basi akaomba kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayezungumza na jirani yake uani. Aliomba Stacy aitwe chuoni. Aliomba mgongo wake mwenyewe upone. Akaendelea na vitu vidogo vidogo hadi kitanda kikalia, mtoto akajigeuza, na pumzi zikaanza kwenda taratibu.

Kulipopambazuka simu ikalia. Ilikuwa ya Mchungaji Isaiah.

"Mama Stacy, tumewatengea nafasi mbele. Binti yuko tayari?"

Philister alitoka nje nayo na kuuvuta mlango nyuma yake.

"Amelala, Pastor," akajibu kwa sauti ya chini. "Leo amelala."