Karani wa Valve

Mpaka leo, harufu ya wino ikimpitia puani, Mama Alphonsine, asiyeona tangu utotoni, humkumbuka karani wa valve, maana Likasi, mji wa madini wa Kongo, ubao wa matangazo uliitwa valve. Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, karani alivua miwani yake mizito, akaketi kwenye kigoda, sawa na kimo cha walemavu waliokuja na baiskeli za magurudumu matatu, akaukodolea ubao macho, kupima kama wenye macho hafifu wangeusoma. Karatasi iliyomshinda kusoma aliibandua, akaiandika upya kwa herufi nene, akaishusha chini. Kisha aliwasomea vipofu kwa sauti yake ya puani, bila kuacha kitu, hata koma na nukta: “Unga Ijumaa, virgule, kila muntu na mufuko yake, point!” Watu walivunjika mbavu. “Mwenye macho anaona point,” aliwajibu. “Na mama apate yake.”

Ikaja ile asubuhi ya miaka ya tisini, king'ora hakikulia. Karani alisoma polepole kuliko siku zote: “Kiwanda kinafungwa kuanzia leo.” Akaishia hapo.

“Na point?” akauliza Mama Alphonsine, ambaye mumewe alikuwa mtu wa tanuru kiwandani humo.

Alisikia ukucha wa karani ukikwaruza karatasi, mwishoni mwa mstari, taratibu, kama mtu anayepara samaki mdogo.

“Haiko, mama.”

Mama Alphonsine alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba maneno hayajaisha. Na wenye macho waliofika baadaye kusoma, nao hawakuiona ile nukta.