Pini ya Msumari wa Zege

Mashine ya boti ya bamdogo ilikuwa imenizidi umri. Rangi yake ya kiwandani ilishabanduka, tukaipaka ya bluu iliyobaki baada ya kupaka mlango wa choo. Vipuri vyake havipo tena madukani. Ukitaja aina yake Kariakoo, muuzaji anacheka. Lakini ilikuwa inawaka, ukivuta kamba mara mbili au tatu, na hapa Kigamboni ndiyo iliyokuwa inatulisha watu saba.

Bamdogo ndiye mwenye boti. Aliyekuwa anaiendesha baharini ni nahodha wake, mtu mzima wa mtaani kwetu aliyefanya naye kazi tangu mie sijaanza shule. Kuitengeneza mashine ilikuwa kazi yangu, tangu nilipomaliza darasa la saba.

Mashine za zamani za aina ile zina pini ndogo inayoshika propela kwenye shafti. Pini ile ni ya shaba laini, na imewekwa ili ikatike. Propela ikigonga gogo, pini inakatika, mnaweka nyingine, mnaendelea na safari. Isipokatika, kishindo chote kinapanda kwenye gia.

Pini tulikuwa tunakata wenyewe kutoka kwenye waya wa shaba wa mafundi wa gesi, ule wanaounganishia mabomba ya friji. Nilikuwa naufuata Buguruni. Kuna mwezi zilikatika mno, kwa sababu mchanga ulikuwa umehama na maji yanapwa sana. Nahodha akawa ananitania kila akirudi, "Kijana, leo tena umenipa pini za biskuti."

Waya ulipoisha sikwenda Buguruni. Nilichukua msumari wa zege, ule usiopinda hata ukiugonga ukutani, nikaukata kichwa na ncha kwa grenda ya jirani anayechomelea mageti. Uliingia kwenye shafti kama umetengenezewa pale. Nilimwambia nahodha nimepata pini imara, sikumwambia nimeikata kwenye nini. Bamdogo sikumwambia kitu. Wiki tatu haikukatika hata moja, na nahodha akanisifu mbele ya wenzake. Sikuwa nimezoea kusifiwa.

Asubuhi moja boti ilirudi imevutwa na boti nyingine. Nahodha alisema wamegonga gogo, tena wakiwa mwendo wa pole, kukasikika kitu kinasaga chini na mashine ikawa haisukumi tena.

Tuliifunga mashine kwenye mti nyuma ya nyumba. Bamdogo akaenda kutafuta mafuta ya taa ya kulainishia boliti, mie nikafungua nati nikavuta propela. Pini yangu ilikuwa pale pale. Haikupinda. Niliitoa nikaitia mfukoni kabla hajarudi.

"Pini iko wapi?" aliniuliza.

"Imekatika, bamdogo. Vipande vimeanguka majini."

Hivyo ndivyo nilivyosema, na sikufikiria kabla ya kusema.

Tukafungua boliti ya chini. Oili ilitoka ya kijivu, nzito kama uji wa ulezi, inametameta kwa unga wa chuma. Tulipoutenganisha mguu, yaani sehemu yote ya chini inayozama majini, tukakuta gia ndogo imeng'oka meno matatu. Bamdogo aliigeuzageuza mkononi, kisha akatoka nayo bila kuvaa shati. Nikamfuata.

Nahodha alikuwa ufukweni na watu wanaoshona nyavu.

"Hebu itazame hii," bamdogo alimwambia. "Pini imekatika na meno yameng'oka. Gogo gani hilo?"

"Gogo, bwana. Nilikuwa pole pole, waulize vijana."

"Gogo linakata pini, halifiki kwenye gia. Umepiga mwamba kwa gesi yote. Ulikuwa umelala."

"Mie nilale na usukani mkononi?"

Mmoja wa washona nyavu akasema, "Labda lilikuwa gogo la chuma," na wengine wakacheka.

Nahodha hakucheka. Bamdogo akamwambia mbele yao wote kwamba boti yake asiiguse tena. Kwetu nahodha akifukuzwa hivyo, hadharani, hapati boti nyingine. Hakuna mwenye mashine anayemtaka mtu anayesemekana analala baharini.

Gia tuliipata Msasani, kwenye mashine ya aina ile ile iliyokuwa imekufa na kutupwa nyuma ya nyumba ya mtu. Tulinunua mguu mzima. Boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu, ikabidi tuzilowanishe kwa mafuta ya taa siku tatu, kisha tuzipashe moto. Gia ilitoka na meno yake yote. Sili ya shafti tulipata ya pikipiki inayolingana, gasketi nikaikata kwenye karatasi ngumu. Oili niliijaza kwa tundu la chini mpaka ikatoka tundu la juu, maana ukijazia juu hewa inabaki ndani. Kazi ile ilichukua siku tisa, na siku zote tisa bamdogo alikuwa anamlaani nahodha.

Siku ya kujaribu tuliiwasha ndani ya pipa la maji. Gia iliingia bila kelele. Tukaizima, nikafungua boliti kuangalia oili, ilikuwa safi, tukaiwasha tena. Bamdogo akanipiga begani. Hapo ndipo nikamweleza habari ya msumari, nikiwa natazama pipa.

Akazima mashine.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi yaishie hapa."

"Na nahodha, bamdogo?"

"Nimemtukana mbele za watu. Nirudi kwao niseme nini? Kwamba mashine yangu inafungwa misumari ya ukutani? Nani atapanda boti yangu?" Akaokota spana zake. "Nimeshapata nahodha mwingine. Kesho nenda Buguruni."

Siku mbili baadaye tulikuwa ufukweni tunaifunga mashine kwenye boti. Nahodha akaja, amevaa kanzu kama mtu anayekwenda kuposa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Alimwomba bamdogo msamaha kwa kosa ambalo, alisema, yeye mwenyewe halijui. Bamdogo aliendelea kukaza boliti.

Nahodha akanigeukia mie.

"Kijana, wewe ndiye uliyeifungua. Wewe husemi uongo, nakujua tangu mdogo. Nilichogonga kingeweza kuwa gogo au hakingeweza? Ukisema hakingeweza, naondoka, simsumbui mtu."

Washona nyavu waliokuwa karibu waliinua vichwa. Bamdogo hakuinua kichwa, ila mkono wake uliacha kukaza. Nilijua jibu. Lilikuwa neno moja tu.

"Hakingeweza, mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa ugonjwa wake.

"Haya. Ahsante, mwanangu. Basi huenda kweli nilisinzia."

Akapandisha kanzu yake isiguse maji, akaondoka kwa kufuata ufukwe. Bamdogo akaniambia nimletee spana namba kumi na tatu. Nikampelekea.