Mkasi Mkali Atangaza Nia

Shemeji yangu ni kinyozi. Ana miaka sitini na moja na hajawahi kuoa. Si kwamba hakupenda. Mbele ya mwanamke ulimi wake huganda. Marehemu mke wangu, dada yake, alikuwa akisema: "Huyu atachumbia kaburini."

Tangu dada yake atangulie, na huu ni mwezi wa nne, mimi hushinda kwenye banda lake la kunyolea. Nyumbani viti ni vingi mno.

Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na mbili, yupo fundi cherehani. Mjane. Tunamwita Mama Pindo, maana suruali aliyoipinda yeye haifumuki. Utaichoka kabla haijakuchoka.

Redio ya hapa kwetu ilikuwa ya muziki. Saa kumi jioni palikuwa na kipindi cha salamu. Shemeji alipiga simu kila siku, miaka saba. Redioni jina lake ni Mkasi Mkali, na redioni ulimi ulikuwa mwepesi.

"Salamu zangu zimwendee Mama Pindo, popote pale alipo."

Popote pale! Alikuwa anamwona. Mama Pindo naye aliongeza sauti ya redio, akatoa mguu kwenye cherehani mpaka wimbo uishe. Kisha kila mtu na kazi yake. Wakikutana barabarani ni "Habari za jioni," "Njema," basi.

Mwezi huu redio ikapata mwenyewe mpya. Jumatatu, saa kumi, badala ya wimbo wakaingia wanaume wawili wanabishana kuhusu mipaka ya kata. Shemeji alikuwa anamnyoa mwalimu. Mashine ikasita, ikateleza, ikapanda juu.

Mwalimu akajitazama kwenye kioo. "Na huu ndio mpaka wa kata?"

"Samahani, mwalimu. Nitausawazisha."

"Acha. Utahamisha wananchi wote."

Tukadhani ni ya siku moja. Jumanne siasa. Jumatano siasa. Shemeji akapiga kuomba wimbo, akaulizwa yuko upande gani. Akasema yuko upande wa barabara wenye kivuli. Wakamkatia.

Jumatano hiyohiyo mteja akaja na habari: Mama Pindo anahama Jumamosi. Binti yake kamwita wakaishi pamoja mji mwingine. Cherehani imeshatafutiwa gari.

Shemeji alikunja taulo moja mara tano.

"Mwambie," nikasema.

"Nitamwambiaje, shemeji? Redio imefunga salamu."

"Barabara haijafungwa."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Mimi dada yako nilimwambia mengi siku ya kumzika. Hakujibu hata moja."

Alhamisi, ilipofika saa kumi, akachukua simu.

Mada ya siku ile ilikuwa kiti cha diwani, ambacho kilikuwa wazi. Nani anafaa kukikalia? Simu ikaingia.

"Mkasi Mkali hapa. Kuna kiti kiko wazi muda mrefu."

"Kweli kabisa, mzee wetu!" mtangazaji akasema.

"Nimekaa kimya miaka saba. Leo nimechoka. Natangaza nia."

Mimi nilishika kichwa. Mtangazaji alipiga ukelele.

"Mmesikia, wasikilizaji? Mkasi Mkali atangaza nia! Kwa chama gani, mzee?"

"Chama? Cha watu wawili tu. Mimi na..."

"Chama kipya! Habari ndiyo hiyo! Tupate simu nyingine."

Jina la Mama Pindo likabaki mdomoni mwake.

Haikupita nusu saa, banda likajaa. Mwenye duka la simu. Fundi baiskeli. Akina mama wawili wenye wimbo tayari. Watu ambao hawajanyolewa hapo tangu mvua za mwaka juzi.

"Mheshimiwa!"

"Mimi si mheshimiwa. Mimi ni kinyozi."

"Mnamsikia? Mnyenyekevu!"

"Sigombei chochote!"

"Ndivyo wanavyosema wote mwanzoni," fundi baiskeli akasema. "Sera yako kuhusu mtaro wetu ni ipi?"

Ng'ambo, Mama Pindo alisimama mlangoni, akatutazama kitambo. Kisha akafunga mlango nusu. Shemeji akaketi kwenye kiti cha wateja. "Nimejiharibia," akaniambia. "Sasa anajua mimi ni mwanasiasa."

Ijumaa, saa kumi, wapambe walikuwa bado wapo. Redio ikasema kuna simu. Nikaisikia sauti mara mbili, ndani ya redio na ng'ambo ya barabara.

"Mimi naitwa Mama Pindo. Nina swali kwa huyo mgombea. Hiyo kura anaiomba kwa nani? Maana mlangoni kwangu sijamwona."

"Swali zito hilo, mama!"

"Kura haziombwi redioni. Aje leo, kesho sipo. Na asije na wapambe."

Shemeji alikuwa amemnyoa mtu upande mmoja. Akamwacha hivyohivyo, akavuka na taulo begani. Wapambe wote nyuma yake. Na mimi nikafuata, nisimwache peke yake.

Mama Pindo alisimama kizingitini na futi yake ya kupimia shingoni. Shemeji akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akafungua tena.

"Kichwa au ndevu?"

Fundi baiskeli alicheka mpaka akainama.

"Ndevu sina," Mama Pindo akasema. "Sema kilichokuleta."

"Usihame."

"Hiyo ni amri au ombi?"

"Ombi."

"La nini?"

"Ile nia. Ya jana. Kiti sicho wanachosema hawa. Ni wewe."

Wale wenye wimbo wakausahau.

"Miaka saba," Mama Pindo akasema, "unanisalimia popote pale nilipo. Nilikuwa hapa, Mkasi. Hapa!"

"Nilikuwa nakuona."

"Na mimi nilikuwa nakusikia. Ni nani aliyekuzuia kuvuka?"

Shemeji akaanza kukunja taulo.

"Kesho nakwenda kwa mwanangu," Mama Pindo akasema, "nimemwahidi. Lakini cherehani haiendi. Nitamweleza mwenyewe, si jambo la simu."

"Kwa hiyo udiwani?" mwenye duka la simu akauliza.

"Nendeni makwenu," shemeji akasema. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

Jumamosi Mama Pindo alipanda basi na mfuko mmoja wa mkononi. Siku tano shemeji alinyoa vibaya. Nilimpelekea wateja wa msamaha, wenye vipara.

Alhamisi Mama Pindo akarudi, na binti yake yuko naye. Binti alipita moja kwa moja bandani, akamkagua shemeji toka kichwani hadi viatuni. Wakati huohuo fundi baiskeli akachungulia.

"Mheshimiwa, fomu unachukua lini?"

"Uchaguzi umekwisha," shemeji akamjibu. "Nimepita bila kupingwa."

"Taratibu, baba," binti akasema. "Rufaa yangu bado haijasikilizwa." Akavuta kiti akakaa, akaanza kumuuliza maswali.

Mimi nilicheka. Halafu nikacheka tena, mara ya pili kwa niaba ya marehemu mke wangu.