Jeshi Lililoanikwa Pamoja na Ndagala

Mume wangu alikuwa mwandishi wa majina ya boti kule Kalundu, bandari yetu ya ziwani. Fundi akimaliza kuunda boti hakuishusha majini kabla ya kumtafuta yeye, naye aliandika jina ubavuni kwa herufi nene zenye kivuli, bila rula, huku akipiga soga na wapagazi. Kisha ugonjwa ukamlegeza upande wa kuume. Mguu ulipata nafuu, mkono ukabaki ukitetemeka. Siku moja aliniletea brashi zake zote jikoni akaniambia nipakie chapati mafuta. Nilizipokea, nikaziweka karibu na jiko. Ile ya manyoya laini, aliyoipenda kuliko zote, ilifaa sana kwa chapati, na kila nilipoishika roho iliniuma.

Ijumaa jioni akaja rafiki yake, mwalimu, jirani yetu hapa Nyamianda, na boksi kwapani. Ndani mlikuwa na askari wadogo wa plastiki, kila mmoja kama kidole gumba, weupe watupu. Ndugu yake aliye Ulaya ndiye aliyemtumia. Mwalimu alikuwa tayari na jeshi lake lililopakwa rangi, sasa alitafuta wa kupigana naye: mchezo wa mezani, kwa dadu, hatua zikipimwa kwa utepe wa fundi cherehani.

Mimi nilichukia, na sikuficha. Nilimwambia sisi watu wa hapa tumeona askari wa kutosha, hatuhitaji wa kununua.

"Shemeji, aba ni ba zamani," akanijibu. "Banabeba mikuki. Habapigi mulango ya muntu."

Hapo alinishinda. Akamgeukia mume wangu: vita ni Jumapili baada ya ibada, na sheria ni moja tu, askari asiye na rangi hapandi mezani.

"Minye sina mukono tena," mume wangu akasema.

"Naomba rangi. Mukono siombi."

Kesho yake asubuhi mume wangu aliingia jikoni, akachukua brashi yangu ya chapati, akatoka. Nilijifanya natafuta chumvi.

Alipaka kwa mkono wa kushoto, masalio ya rangi ya boti: nyekundu, buluu na njano. Mwalimu alikuwa amemwambia asihangaike na urembo, rangi tatu zinatosha. Lakini hata tatu zilimshinda. Nyekundu ya shati ilipanda mpaka usoni, njano ya ngao ikamwagikia magotini. Akanionyesha mmoja kwa hasira.

"Angalia, mama! Huyu ni askari ao ni nyanya?"

"Hata nyanya iko na heshima yake. Weye endelea."

Hakucheka. Aliweka brashi chini, akaondoka akichechemea kuelekea ziwani. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Kumbe alikwenda kwa mafundi wa boti kuomba lami, ile wanayozibia nyufa. Akaizimua kwa mafuta ya taa hadi ikawa nyepesi kama chai ya rangi, akamchovya askari mmoja, akamkung'uta. Nikasogea kuona. Lami ilikuwa imetiririka ikajificha kwenye mikunjo ya nguo, kati ya vidole, chini ya kofia. Pale rangi mbili zilipogombana palikuwa na mstari mweusi, kana kwamba palikusudiwa. Ni kile kivuli chake cha herufi za boti. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi na bado nilimwangalia kama mgeni. Mkono ulimkatalia, naye akauzunguka.

Tatizo likawa pa kuwaanika. Uani kuna kuku, na kwetu penye jua pasipo na kuku ni mahali pamoja tu: wavu wangu wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Akawapanga ukingoni, akaenda kujilaza. Mimi nami, saa ya upepo wa ziwa ilipofika, nikageuza samaki wangu kama kawaida. Magamba yakaruka. Na lami ilikuwa bado mbichi.

Alipotoka aliona jeshi lake limefunikwa magamba.

"Weye umeharibu bantu bangu!"

Nami sikunyamaza. Nilimuuliza ni nani aliyeleta vita kwenye samaki wa watu. Tulipandishiana sauti mpaka majirani wakachungulia. Kwa hasira nikanyakua askari mmoja nimpanguse, na jua likampiga. Mabega yalimeta. Magamba yamelala moja juu ya jingine, madogo, ya fedha, kama vazi la chuma la mfalme.

Mume wangu akamchukua mkononi mwangu. Akamgeuza huku, akamgeuza kule. Kisha akainama, akawapanga upya wale ambao hawakupata magamba.

"Geuza tena," akasema.

Nikageuza ndagala wangu kwa heshima ya jenerali.

Jumapili mwalimu alikuwa ametandika kitenge cha kijani juu ya magunia, akasema hiyo ndiyo milima ya Lemera ya huku kwetu. Alimwinua askari mmoja mmoja, akamsogeza puani.

"Banatoa harufu ya samaki," akasema. Kisha akamtazama rafiki yake. "Lakini minye sijaona bazuri hivi. Baingie."

Tulipigwa vibaya. Dadu zilimkataa mume wangu tangu mwanzo, na jenerali wake akafia mlimani kabla ya chai. Nilimtania njia nzima. Yeye alikuwa akieleza tu kwamba safari nyingine lami iwe nyepesi zaidi, na kwamba herufi pana za boti zingeweza kustahimili mkono wa kushoto.

Jumatatu asubuhi nilikanda unga, nikawasha jiko, nikanyoosha mkono nichukue brashi nyingine. Haikuwepo hata moja. Kopo la lami nalo halikuwepo, wala mwenyewe. Chapati za siku ile nilizipaka mafuta kwa kijiko, zikaloa vibaya, na sikumlalamikia mtu.